Fimbo ya Baba Iko Scranton

Scranton, 22 Januari 1995

Dada Verna,

Kabla hujaanza kulalamika kwamba sipigi simu: simu ya nyumba hii tunaigombania wachezaji watano, na kipa wetu ana wachumba wawili. Kwa hiyo pokea barua. Uisome kwa sauti Baba asikie, na binamu yetu Dewey, ambaye najua yupo hapo mezani kwenu anakula, asikie pia.

Jana tulishinda. Nilifunga mabao manne. La mwisho nilimzunguka beki mmoja mwenye mwili kama jokofu, nikaurusha mpira kwa fimbo nyuma ya bega bila hata kulitazama lango, ukumbi mzima ukasimama. Mwambie Baba ni mrusho wake ule, ule aliokuwa akinifundisha nyuma ya ghala huku akinitukana. Sasa watu wanalipa kiingilio kuutazama. Jumatatu mpaka Alhamisi bado napakua magodoro bohari, na usicheke, lakrosi hailipi, wenzangu wote wana vibarua, mmoja ni mwalimu wa hesabu. Lakini Ijumaa nikipanda ndege na begi la timu ya Radi begani, mimi si mpakua magodoro tena.

Sasa habari kubwa. Wamebandika picha yangu mlangoni mwa ukumbi, ndefu kuliko mlango wa Nyumba Ndefu yetu ya ibada. Chini yake mwenye timu ameweka kabati la kioo, na ndani ya kabati ipo fimbo ya Baba. Ndiyo, ile niliyomwomba nije nayo iniletee bahati. Bosi aliiona chumbani kwangu akabaki mdomo wazi. Hajawahi kuona fimbo ya mti wa hikori iliyokunjwa kwa mkono, kichwa chake kimefumwa wavu wa ngozi. Sisi huku wote tunachezea za plastiki na alumini. Wameandika kikaratasi: Alton Waterman, Taifa la Onondaga. Jina la Baba, Verna, na taa juu yake! Nilitia saini karatasi fulani ya kuwaruhusu, basi.

Mwambie nitairudisha msimu ukiisha.

Mdogo wako maarufu,
Rusty

*

Onondaga, 5 Februari 1995

Ewe Maarufu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, tena mara mbili, kwa sababu Dewey alitaka kusikia tena habari za wachumba wa kipa. Baba alicheka aliposikia mrusho wa nyuma ya bega. Alisema, "Kwa hiyo alikuwa ananisikiliza kumbe." Kwa Baba hiyo ni sifa, unamjua.

Ila nilipofika kwenye kabati alifumba macho. Nikadhani amesinzia. Halafu akauliza, "Nani anafuta hicho kioo?"

Nikamwambia sijui, Baba, labda wana mfagizi.

"Mwanamume au mwanamke?"

Basi mjibu mwenyewe, Rusty. Unajua kwetu mwanamke haigusi fimbo ya mti. Mimi nimezaliwa chini ya fimbo ile. Nimepika, nimefagia, nimelea mtoto wangu chini yake, na sijawahi kuigusa hata kwa ncha ya kidole. Unakumbuka ile dhoruba iliyoiangusha kutoka kwenye misumari yake miwili? Nilitoka nikakaa barazani na mvua inaninyeshea, nikingoja mwanamume yeyote apite aingie aiokote. Wewe ulikuwa shuleni. Aliyepita alikuwa mchukua taka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa usiniambie kwamba huko Scranton kuna bibi na dawa yake ya kupulizia na kitambaa.

Baba anasema sawa, msimu mmoja. Anasema pia kwamba fimbo ya mti haipendi taa.

Macho yake si mazuri. Kisukari kimemshika na miguu, anatembea kama anakanyaga pamba. Njoo ukipata nafasi, nitapika supu ya mahindi, na safari hii Dewey nitamfungia nje.

Dada yako asiye maarufu,
Verna

*

Dayton, 14 Desemba 1996

Dada Verna,

Najua, najua. Karibu miaka miwili sijaandika. Nimepata barua zako zote tatu, ya mwisho imenifuata mpaka huku.

Ndiyo, ni kweli ulivyosoma gazetini. Scranton wamenitoa. Wamenibadilisha na kipa mmoja wa Ontario na nafasi ya kuchagua kijana mwakani. Sikuitwa ofisini. Nilikuwa bohari juu ya lori la magodoro, karani akaja akaniambia nina simu. Sekunde chache tu, Verna. "Asante kwa yote, Dayton wanakungoja Jumamosi." Niliporudi ukumbini kuchukua viatu vyangu, picha yangu ilikuwa imeshashushwa, fundi anaikunja kama zulia. Akaniuliza kama naitaka. Nikamwambia akamfunikie mbwa wake.

Hapa Dayton nacheza dakika chache. Mbavu mbili hazijapona vizuri. Mashabiki wa timu pinzani wakiniona tu wanajipiga midomo kwa viganja, wo-wo-wo-wo, kama Wahindi Wekundu wa kwenye sinema za zamani, na mwamuzi anatazama viatu vyake. Zamani nilikuwa nawajibu kwa mabao. Siku hizi nawajibu kwa ngumi, halafu natolewa dakika tano.

Umeuliza fimbo mara tatu, nimesikia. Fimbo ninayo. Nilitoka nayo. Ipo hapa chumbani kwangu, imefungwa kwenye blanketi. Mwambie Baba atulie.

Rusty

*

Onondaga, 9 Februari 1997

Rusty,

Leo sina utani. Mguu wa kushoto wa Baba wamekata, chini ya goti. Nilikupigia simu kwenye ile namba ya Dayton, mtu mmoja akasema umetoka, siku ya pili akasema umelala, siku ya tatu akasema hakujui. Nimechoka kuongea na mtu wa kukusemea uongo. Karatasi haina wa kuisemea.

Daktari alinichukua pembeni. Anasema figo zimeanza kuchoka, na kwamba tusitegemee kumwona akivuna mahindi mwaka huu. Baba hakuchukuliwa pembeni na mtu, lakini anajua. Ameshanionyesha shati letu la sherehe, la utepe, analotaka kuvishwa na viatu vya ngozi. "Vyote viwili," akasema, "huko nitakuwa na miguu yangu yote." Halafu akanyanyua uso juu ya mlango, kwenye misumari. Haoni, Rusty. Anajua tu ilipo misumari.

"Rusty analeta lini?"

Sina haja ya kukufundisha, lakini inaelekea huko kwenye viwanja vyenu vya zulia mnasahau. Mtu wetu anawekewa fimbo yake ubavuni akiondoka, kwa sababu huko anakokwenda mchezo unachezwa na wenzake wanamngoja. Baba amecheza mchezo wa dawa kwa ajili ya nusu ya wagonjwa wa taifa hili, kwa fimbo ile. Alicheza kwa ajili yako ulipokuwa na homa ya mapafu, una miaka minne, na ukapona. Akienda bila fimbo atafika na kukaa pembeni, akiwatazama wenzake. Hiyo ndiyo hofu yake. Kufa hakumsumbui.

Ilete. Usiitume. Ilete.

Verna

*

Dayton, 2 Machi 1997

Dada,

Nisamehe kwa simu. Habari ya mguu nilipewa, nikashindwa nianzie wapi.

Nitaileta. Lakini sielewi mnafikiri mkataba ni nini. Nikikosa mazoezi mawili bila ruhusa wananikata, na wananitafutia sababu siku nyingi. Nina miaka thelathini na moja, Verna. Katika mchezo huu hiyo ni uzee. Nyuma yangu wamejipanga vijana wa miaka ishirini na moja ambao hata mbavu zao hawajui zilipo. Nikikatwa hapa hakuna timu nyingine, ni magodoro tu mpaka nife.

Wiki iliyopita tulicheza Scranton. Mara ya kwanza kurudi. Nilidhani nitawaonyesha. Sikufunga hata moja. Kulikuwa na kelele nyingi kabla ya mchezo, walikuwa wanagonga mbao zinazozunguka uwanja, nikashindwa kutuliza akili, nikatapika kwenye ndoo. Kocha akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Mwambie Baba mwisho wa mwezi.

Rusty

*

Onondaga, 20 Machi 1997

Rusty,

Pole kwa kutapika. Hapa mtu mwingine pia anatapika, kila asubuhi, na hana kocha.

Kila gari likipunguza mwendo barabarani Baba anainua mkono tunyamaze. Juzi alikuwa mpeleka mkaa. Baba akasema, "Huyo ndiye." Nikamwacha aamini mpaka mlango ulipofunguka. Najilaumu kwa hilo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaandika tena kuomba. Wajomba zetu wamekuja, koo za upande wa pili wa Nyumba Ndefu zimeshaambiwa zijiandae, maana wao ndio watakaochimba kaburi. Dewey amejitolea kuja Dayton na lile gari lake bovu kuichukua. Nikamwambia hapana, mpe ndugu yako nafasi ya kuwa mtoto wa mtu. Nakupa mpaka wiki ya kwanza ya Aprili. Baada ya hapo Dewey anakuja, na anakuja na hasira.

Nilikulea mimi baada ya Mama kufariki. Nilikufunga kamba za viatu ukienda kucheza, nikakaa na wanawake nyuma ya mstari nikikupigia kelele mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba mti ambao mimi mwenyewe siwezi hata kuushika.

Verna

*

Dayton, 1 Aprili 1997

Dada Verna,

Anayekuletea mzigo huu ni Leroy, tunacheza naye, Mseneka, mwanamume wetu. Anapita kwenda kwao Cattaraugus na amekubali kuzunguka. Fimbo ipo ndani ya blanketi jekundu. Hakuna mwanamke aliyeigusa, naapa. Usiifungue wewe. Mwachie Dewey amwekee Baba kitandani.

Utaiona rangi imekolea. Niliipaka mafuta ili isipasuke. Wavu nao ulilegea nikaukaza. Ikionekana tofauti kidogo ni kwa sababu hiyo.

Jumamosi tuna mechi ya mtoano. Nikitoka tu hapo nakuja.

Mwambie Baba nimetimiza.

Rusty

*

Onondaga, 8 Aprili 1997

Mwanangu,

Anayeandika ni Dewey, mimi nasema. Verna nimemtuma dukani kutafuta chumvi ambayo haijaisha.

Fimbo imefika. Dada yako alisimama mbali, karibu na jiko, mikono ameificha nyuma kama mtoto, analia kwa furaha. Dewey akaniwekea kifuani. Nikasema, "Hii hapa. Imerudi." Nilisema hivyo kwa ajili ya Verna.

Si yangu, Rusty.

Najua ulivyopiga hesabu. Baba haoni. Baba vidole vimekufa, hata uji wa moto hausikii. Verna haruhusiwi kuishika, na Dewey hajawahi kutazama kitu kwa makini isipokuwa sahani. Hesabu nzuri, ungekuwa mwalimu kama yule mwenzako. Lakini shavu langu bado lina uhai. Niliilaza shavuni. Yangu niliikata mwenyewe ifike hapa mfupa wa nyonga unapoanzia, na hii inaishia juu yake. Na kwenye mpini, karibu na shingo, pana kovu la moto la upana wa dole gumba.

Kovu hilo nalijua. Nilikuwapo. Ni fimbo ya Enosi, Mtuskarora, tuliyekuwa tukicheza naye kabla hujazaliwa. Tulikuwa nyumbani kwake, tumelowa, akaiegemeza kwenye jiko la kuni huku anasimulia uongo wake, mpaka tukasikia harufu. Tulimcheka mwaka mzima. Enosi alipofariki walitafuta fimbo yake wakaikosa, wakasema mjukuu kaiuza kwa watalii. Wakamzika mikono mitupu. Kwa hiyo wewe umeiokota dukani mahali fulani, kwenye vitu vya kale, kati ya saa mbovu na vikombe. Sikuulizi yangu iko wapi. Nadhani nikijua nitakufa na hasira, na sitaki.

Ukiwa mdogo nilikuwa nikikutuma kitu kimoja unaniletea cha mtu mwingine. Hujabadilika.

Lakini sikiliza. Enosi amekaa pembeni huko miaka mingi. Nimeamua nitampelekea. Waniwekee hii hii ubavuni, nimkabidhi mkononi, nimwambie, shika takataka yako, ilinijia bila kuitafuta. Acheze. Mimi nitakaa pembeni pale alipokuwa amekaa yeye. Nitawatazama. Nitangoja uje na yangu.

Verna asijue. Ana furaha, na ni siku nyingi sijaisikia furaha katika nyumba hii. Dewey ameapa.

Baba yako,
Alton

Mimi Dewey. Nimeandika kama alivyosema, hata ile ya sahani. Ningekuwa na nafasi ya kuongeza langu ungeungua mikono. Usiandike, njoo. Ana siku chache.

*

Onondaga, 27 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Baba alitutoka tarehe kumi na nne, asubuhi, baada ya kuomba kahawa asiyotakiwa kunywa. Nilimpa. Hukuja. Kiti chako kilikaa kitupu siku ya mazishi, na kilikaa kitupu tena juzi kwenye karamu ya siku ya kumi, tulipogawa vitu vyake. Koti lake lile la mistari limekwenda kwa Dewey. Kofia nimekuwekea wewe, ingawa wajomba hawakutaka.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua mbaya sana. Nilikuwa nayo kichwani tayari, nikifua, nikipika, naiongezea maneno. Mtoano uliutaka kuliko Baba, na mlitolewa raundi ya kwanza, haya, hongera.

Lakini siwezi kuiandika. Nitakwambia kwa nini. Siku ile Leroy alipoleta blanketi jekundu, Baba aliikumbatia ile fimbo, akailaza shavuni na kufumba macho. Tangu siku hiyo hakuuliza gari lolote. Alilala nayo. Hata maumivu yalipozidi alikuwa anatabasamu peke yake, nikamuuliza anacheka nini, akasema, "Kuna mtu atashangaa kuniona." Nadhani alimaanisha Mama.

Ilikwenda naye. Dewey aliiweka ubavuni, mimi nikatazama kwa mbali, nikasema moyoni, angalau hilo Rusty amelifanya. Katika mengi uliyoharibu, hilo umelifanya. Ndilo linalofanya nikuite bado mdogo wangu. Asante.

Misumari nimeiacha. Nimeshindwa kuing'oa.

Njoo uchukue kofia.

Verna

*

Scranton, 19 Januari 1998

Dada Verna,

Miezi mingi imepita bila neno langu. Barua yako ile ya Aprili ninayo mfukoni mpaka leo. Kila nikitaka kuijibu naisoma, na nikiisoma siwezi kuijibu.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Juzi tulikuja kucheza hapa na kabla mechi haijaanza kukatokea ugomvi mdogo. Mtu mmoja wa sherehe zao, anayewachekesha mashabiki, alinifanyia dharau, nikapandwa na hasira. Unajua mchezo huu ulivyo, watu wanapigana kila siku. Safari hii wamekuza mambo. Polisi walinilaza ndani usiku mmoja. Ligi imenifungia, wanasema maisha. Dayton wamevunja mkataba kwa simu, tena sekunde chache.

Si jambo kubwa. Nilikuwa nimechoka hata hivyo. Bohari ya magodoro hapa wananikumbuka, wamenipa zamu.

Kofia ya Baba nitunzie.

Rusty

*

Onondaga, 25 Januari 1998

Rusty,

Ugomvi mdogo. Basi ngoja nikusimulie huo ugomvi mdogo, kwa sababu mimi nimeuona. Dewey sasa ana televisheni. Tulikuwa tumejazana kwake, watu kumi na nane na watoto, nimewapikia supu, tukutazame.

Taa zikazimwa. Akatoka kikaragosi wa timu yao, kichwa kikubwa cha manyoya ya bandia, uso umepakwa, anaruka kwa mguu mmoja. Wanamwita Chifu Radi. Mkononi ana fimbo ya mti, imepakwa rangi ya zambarau na kijani ya timu yao. Akaanza kugonga mbao za uwanja, ko, ko, ko, na watu wanajipiga midomo. Halafu akapita mstari wa mbele akiwapa watu waishike. Wanawake, Rusty. Msichana mmoja akapiga nayo picha ameiweka katikati ya miguu yake kama farasi. Nikasikia huruma kwa mwenye fimbo, masikini, nikamwambia Dewey, hebu tazama mti wa mtu ulivyofanywa.

Dewey akainamia sahani yake.

Halafu ukaruka wewe. Sare ya Dayton, bila kofia ya chuma. Ulimvaa yule mtu ukaanguka naye, na ulipoinuka ulikuwa umeikumbatia fimbo kifuani, umejikunja juu yake, wakakupiga na hukurudisha hata ngumi moja. Wewe! Ukakwangua rangi kwa kucha. Kamera ikakaribia. Nikakiona kichwa cha fimbo jinsi kilivyokunjwa, na pale ukingoni Baba alipofunga kwa uzi mweusi baada ya ile dhoruba. Nimetazama kichwa hicho miaka yangu yote kutokea chini. Sijawahi kukigusa lakini ningekijua hata gizani.

Nikauliza, mbele ya watoto, "Dewey, tulizika nini?"

Akalia, akaleta nakala. Alikuwa ameandika maneno ya Baba mara mbili, moja yako, moja akaificha. Nimeisoma. Sasa najua ni nani wa kushangaa, na kwamba hakuwa Mama.

Sitakuuliza kwa nini ulitia saini. Najua kwa nini. Kwa ajili ya picha ndefu kuliko mlango. Sitakuuliza kwa nini hukusema walipokutoa, waliposema sasa ni mali yao. Uliona aibu. Hata hilo ningelimeza. Lakini siku ile ya kutapika kwenye ndoo uliiona inagongwa, ukarudi Dayton ukaingia dukani ukachagua ya kufanana. Na ulipoituma kwetu ulijua kitu kimoja kwa uhakika, kwamba Verna hataigusa. Heshima yangu, niliyokaa nayo mvuani mpaka mchukua taka akapita, wewe uliifanya mahali pa kujifichia. Baba alikusamehe kwa sababu ni Baba. Mimi ni dada yako tu.

Nimesikia waliirudisha kabatini, na sasa kuna mlinzi, na wewe umepigwa marufuku kusogelea mlango ule. Umeacha mchezo, au mchezo umekuacha, na unapakua magodoro karibu na ukumbi uliko mti wa Baba. Wajomba wanaongea kupeleka wazee wakazungumze na mwenye timu. Labda watasikilizwa. Wewe usingoje labda.

Kuna kitu nataka ukielewe, maana nakujua, nimekulea, na barua yako imeandikwa kama mtu aliyekwisha kufunga virago. "Nimechoka hata hivyo." "Nitunzie kofia." Nimezisoma sentensi hizo nikapiga kelele peke yangu jikoni. Basi sikia. Baba amekaa pembeni. Wenzake wanacheza, Enosi anacheza na mti wake wenye kovu, na Baba, miguu yote miwili mizima, amekaa anatazama njia utakayojia. Hana mwingine wa kumletea. Dewey hawezi, mimi siruhusiwi.

Kwa hiyo huna ruhusa ya kufa, Rusty. Uzeeke, uumwe, mbavu zikuume kila baridi, uamke uende bohari. Usithubutu kumfikia mikono mitupu.

Verna